Haki ya Kusimama

Mtu mwenye maumivu ana deni la ushahidi kwa nani? Ningependa tulijadili swali hili bila haraka, maana wengi wetu tuna jibu la haraka sana: si alete karatasi ya hospitali tuione, yaishe. Shida ni kwamba kuna magonjwa ambayo karatasi zake hutoka tupu. Ninao mmoja. Unaitwa fibromayaljia, na ubaya wake wa pili, ukiondoa maumivu yenyewe, ni kwamba dawa inayonisaidia kuliko zote ni kutembea, na kutembea ndiko watu wanakotumia kunikanusha. "Wewe si tulikuona asubuhi ukipiga raundi kule lagani? Sasa mgongo umeanza kuuma saa ngapi?"

Ninaishi Namoruputh, kaunti ya Turkana, magharibi mwa Lodwar, kwenye barabara inayokwenda Lokiriama na kuendelea hadi mpaka wa Uganda. Nafundisha shule ya msingi. Nina miaka 31. Hapa kwetu swali la nani ana haki ya kupumzika halijatoka vitabuni. Joto la nyuzi 35 ni siku ya kawaida, maji yana safari, na mwili wa mwanamke ndio gari la nyumba. Gari hilo likigoma, kuna mtu mwingine atabeba. Kwa hivyo anayeniuliza kama kweli naumwa huwa hana roho mbaya. Anauliza kwa sababu jibu langu litamfikia mgongoni.

Tuujue kwanza ugonjwa wenyewe. Fibromayaljia ni maumivu yaliyosambaa mwilini na kudumu miezi mitatu au zaidi, yakiandamana na uchovu, usingizi usioshibisha, na ukungu kichwani: unasimama mbele ya darasa ukitafuta jina la mtoto uliyemfundisha miaka miwili, na hulipati. Viungo havijavimba. Eksirei inatoka safi, damu inatoka safi. Kilichoharibika ni kipimo cha sauti. Neva na ubongo hupokea ujumbe mdogo na kuutangaza kwa kipaza sauti, kama lile kanisa la jirani lenye spika nne na waumini kumi. Kamba ya mkoba ikigusa bega, ubongo unasikia kofi. Kiswahili kinanisaidia hapa kuliko lugha ya daktari: mbwa anauma, nyoka anauma, na mgongo unauma. Kuna siku nahisi hivyo hasa, kwamba mwili wangu umeota meno.

Historia ya jina lake ni historia ya watu kutafuta kitu cha kuonyesha. Mwaka 1904 daktari Mwingereza, William Gowers, aliuita fibrosaitisi, akidhani nyuzi za misuli zimevimba. Hazikuwa zimevimba. Jina la sasa lilianza kutumika mwaka 1976. Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani wa magonjwa ya viungo wakaweka kipimo cha vidole: daktari anabonyeza sehemu 18 za mwili, na zikiuma 11 au zaidi, umefaulu mtihani. Mwaka 2010 wakaja na njia nyingine, ya kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi, analala vipi, anachoka kiasi gani. Hebu tazama safari hiyo. Miaka mia moja na ushee ya kutafuta alama mwilini, halafu wakarudi kwa kitu ambacho hata mkunga wa kijijini alikuwa nacho, yaani kumsikiliza mtu.

Wengine husema huu ni ugonjwa wa wazungu wasio na kazi. Makadirio ya kawaida ni watu 2 hadi 4 katika kila 100, wengi wao wanawake, na madaktari wa Hospitali Kuu ya Kenyatta waliutafuta kwa wagonjwa wa kliniki zao wenyewe wakaupata. Huenda wewe ulilisikia jina hili mwaka 2017, Lady Gaga alipoahirisha ziara yake ya Ulaya kwa sababu ya maumivu. Staa akisimama, inakuwa habari. Mwalimu wa Namoruputh akisimama, unaitwa uvivu.

Kabla ya jina hili nilikuwa na jina lingine, brusela. Kwetu wafugaji brusela si hadithi. Inatoka kwa mifugo, inapita kwenye maziwa mabichi, na inakuletea homa, uchovu na maumivu ya viungo. Kila mtu wa Turkana akisema viungo vinamuuma, ndiyo inayoshukiwa kwanza. Maumivu yangu yalianza wakati wa ule ukame mrefu wa 2020 hadi 2023, mifugo ikifa mmoja mmoja, na ndani ya miaka miwili nilitibiwa brusela mara tatu katika kliniki moja ambayo sina haja ya kuitaja. Dawa za wiki nyingi, tumbo likilalamika, maumivu palepale. Baadaye nikaja kujua kwamba mwaka 2017 watafiti walikuwa wamechapisha matokeo kuhusu kipimo cha haraka cha brusela kinachotumika sana katika vituo vya afya Kenya: kilikuwa kikiwaambia watu wengi kwamba wana ugonjwa huo ilhali hawana.

Lakini hapa kuna jambo ambalo limenisumbua kuliko dawa zile. Katika miaka hiyo miwili hakuna aliyenishuku. Majirani waliniletea uji. Walimu wenzangu walinishikia vipindi. Nilikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa na muhuri. Kisha nikafika Eldoret, nikakutana na daktari aliyenisikiliza kwa dakika arobaini, akaniambia jina la kweli na kunieleza kwamba hakuna kipimo cha damu cha kulithibitisha. Nikarudi nyumbani na ukweli mkononi, bila muhuri, na uji ukakatika. Yaani karatasi ya uongo ilinipa heshima, na ukweli ukaninyang'anya. Kama ushahidi unaweza kufanya hivyo, basi pengine tangu mwanzo hatukuwa tukiuheshimu ukweli. Tulikuwa tukiheshimu muhuri.

Daktari huyo aliniandikia kidonge kidogo cha usiku, cha kunisaidia kulala, halafu akaniambia dawa kubwa iko miguuni mwangu. Hakuwa akitania. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya viungo walipitia tafiti zote walizozipata kuhusu tiba za ugonjwa huu, vidonge na visivyo vidonge, na kati ya mapendekezo yao ni moja tu walilolisimamia kwa nguvu zote: mazoezi. Hayaponyi. Hupunguza maumivu kiasi, huleta usingizi, humrudishia mtu sehemu ya siku yake. Wala hayahitaji fujo. Mwaka 2018 watafiti wa Boston walilinganisha mazoezi ya kawaida ya kupasha mwili na tai chi, ule mchezo wa Kichina wa mwendo wa polepole, kwa wagonjwa 226. Wale wa polepole walipata nafuu sawa na wenzao au zaidi.

Basi nilianza na dakika 5. Nusu ya watu wanaosoma hapa wanatembea dakika 5 wakitafuta chaja. Mimi zilinichosha. Nilitoka alfajiri kabla jua halijapata hasira, nikashuka kwenye laga, ule mto wetu wa mchanga unaojaa maji siku chache kwa mwaka, nikatembea pembeni ambapo mchanga umeshikana, nikageuka. Wiki iliyofuata dakika 6. Leo niko kwenye dakika 35, siku tano kwa wiki, na mara mbili kwa wiki nanyanyua chupa mbili za maji nilizozijaza mchanga. Haikupanda kama ngazi. Kuna miezi nilirudi dakika 10 na kuanza tena.

Kanuni iliyoniokoa ni moja, na ndiyo inayonileta kwenye swali letu: nasimama nikiwa bado naweza. Mtu mzima huacha anapochoka. Mimi nikingoja kuchoka nimechelewa, kwa sababu bili ya fibromayaljia haiji siku ileile. Inakuja kesho, na riba. Siku mbaya haina ujanja, unalala tu. Siku nzuri ndiyo inayoponza. Unaamka mwepesi, unafua, unafagia, unabeba, unacheka na watu, unasema kumbe nimepona bana, halafu siku tatu huwezi kufunga vifungo vya blauzi. Kwa hivyo ninayo saa, na saa ikilia nageuka, hata kama mwili unaimba.

Mwendo huu umenitia mashakani kijijini. Ata, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kiturkana, alinitazama wiki nzima kabla ya kusema neno. Kisha akauliza, "Unaenda mbali hivyo na unarudi mikono mitupu?"

Swali hilo ni zuri kuliko yote niliyoulizwa na madaktari. Mtungi wa lita 20 una kilo 20. Kisima kiko upande uleule ninakotembea. Mbona nisiende na mtungi, mimi nipate zoezi na nyumba ipate maji? Ukilitazama kwa macho ya Ata, mtu anayetumia nguvu zake bila kuleta kitu nyumbani ni kama mtu anayemwaga maziwa.

Nilichukua muda mrefu kupata jibu, na jibu lenyewe ni hili. Mtungi haukubali nusu. Ukishaujaza na uko katikati ya njia, huwezi kugeuka saa inapolia. Ukiutua, watoto watalala na kiu. Ukiumwaga, umepoteza safari na foleni. Kazi huisha kazi inapoisha, zoezi huisha mimi ninapoamua. Jasho ni lilelile, misuli ni ileile, hata njia ni ileile. Tofauti ni nani ameshika breki. Na kwa mwili ambao kengele yake ya hatari imekwama ikilia, breki ndiyo dawa. Nadhani kila ninapogeuka nikiwa bado naweza, naiambia ile kengele kwamba hapa hakuna anayetukimbiza.

Kukimbizwa si neno la mbali huku. Ukitoka Lodwar kwenda kaskazini unafika Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992. Mwaka 2016, Olimpiki ya Rio ilipokuwa na timu ya wakimbizi kwa mara ya kwanza, watano kati ya wanamichezo wake 10 walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini waliokuwa wamepitia Kakuma, na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera. Turkana nzima tulishangilia. Sasa angalia Kiswahili kinavyofanya kazi: mkimbizi na mkimbiaji wametoka mzizi mmoja. Wote miguu inakwenda, wote moyo unapiga. Lakini mkimbiaji ana mstari wa mwisho aliouchagua, na mkimbizi hana. Ndiyo maana mwendo mmoja unajenga mwili na mwingine unaubomoa.

Nimegundua pia kwamba sisi huheshimu mwendo wa aina mbili tu: wenye namba na wenye mzigo. Wa mita 800 una saa ya kuupima. Wa kisimani una mtungi wa kuonyesha. Mwendo usio na namba wala mzigo tunauita kuzurura, hasa ukiwa wa mwanamke.

Lakini nisijipe ushindi wa bei rahisi, kwa sababu hoja ya Ata ina meno mengine. Mimi nina mshahara. Siku ambazo sibebi maji, namlipa mama mmoja jirani abebe. Yeye pia ana mgongo. Kwa hivyo breki yangu ina mtu anayeilipia kwa shingo yake, na hotuba yote hii kuhusu haki ya kusimama inaweza kuwa njia ndefu ya kusema kwamba mwenye pesa apumzike na asiye nazo abebe. Nilikaa na jambo hilo. Kisha nikamwuliza Ata mgongo wake ulianza kuuma lini.

Akafikiri. "Kabla mama yako hajazaliwa."

"Ukamwambia nani, Ata?"

"Ningemwambia nani? Mbuzi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Ata hakuwa akinishuku hata siku moja. Aliniamini kuliko daktari, kwa sababu aliyajua maumivu. Alichokuwa akikiona kwa mara ya kwanza ni mtu akisema inauma, kisha akaachwa asimame. Hakuwahi kuona hilo likitokea. Swali lake la mikono mitupu lilikuwa na kijicho kidogo ndani yake, na alikuwa na haki nacho. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Wangeongeza na jirani yake: asiye na kovu usidhani hakuumia.

Kuna jibu la uvivu kwa jambo hili, nalo ni kusema kwamba kwa kuwa Ata hakupumzika, nami nisipumzike. Tunalisikia kila siku. Sisi tulitembea kilomita kumi kwenda shule, sisi tulijifungua njiani, nyinyi watoto wa siku hizi ni wa mayai. Ukilitazama vizuri, jibu hilo linafanya mateso yawe urithi, kama mbuzi. Sikubali. Lakini pia sikubali kwamba haki yangu imalizike kwangu. Haki ambayo mwenye mshahara pekee ndiye anaweza kuitumia imeshakuwa anasa, hata tuipe jina zuri namna gani. Tulichofanya nyumbani ni kitu kidogo: tulinunua mitungi ya lita 10. Safari zimeongezeka, lakini kila abebaye, mimi nikiwa katika siku nzuri, binamu zangu, na yule mama jirani, anaweza kuutua njiani bila kupoteza nusu ya siku. Bei ya safari yake nimeiacha ileile, ingawa mtungi umepungua nusu. Sijatatua shida ya maji ya Loima. Nimepunguza tu uzito wa kitu kinachomkataza mtu kusimama.

Na neno lenyewe, kusimama, hebu litazame. Kwa Kiswahili kusimama ni kuinuka kutoka chini, na kusimama ni kuacha kwenda. Nilikuwa nikidhani hiyo ni kasoro ya lugha, neno moja kupewa kazi mbili zinazopingana. Siku hizi naona kuna akili ndani yake. Kwa mtu wa aina yangu, uwezo wa kuinuka kesho unategemea uwezo wa kuacha leo. Ukininyima moja umeninyima zote mbili.

Sasa turudi kwa karatasi. Ng'ambo ya ziwa letu, Koobi Fora, timu ya Kamoya Kimeu na wenzake ilipata katika miaka ya 1970 mifupa ya mwanamke wa kale wa jamii ya Homo erectus, aliyeishi miaka kama milioni 1.7 iliyopita. Makumbusho ya Taifa yanamjua kwa namba, KNM-ER 1808. Mifupa yake ilikuwa imefunikwa na tabaka lisilo la kawaida, na mwaka 1982 wanasayansi wakapendekeza kwamba aliugua kwa kula vitamini A kupita kiasi, labda kutokana na maini ya wanyama wala nyama. Wengine wameleta maelezo tofauti. Lakini Alan Walker, mmoja wa walioichunguza mifupa hiyo, alisisitiza jambo moja: ugonjwa wa namna hiyo huchukua wiki au miezi kuacha alama mfupani, na mtu mwenye maumivu hayo hangeweza kujitafutia maji wala kujikinga na fisi. Kama alisoma sawa, basi kuna mtu alimletea maji.

Nampenda mtu huyo wa pili, ambaye mifupa yake hatujui iko wapi. Hakuwa na kipimo. Pengine hata hakuwa na lugha kama yetu. Aliona mwenzake amelala, hasogei, na akaleta maji. Ushahidi tumeupata sisi, miaka milioni 1.7 baadaye, kwenye meza ya maabara. Angeungoja, angekuwa amemuua. Na mimi ninajua kwamba mifupa yangu haitasema kitu. Atakayenichimba atasema huyu alikuwa mzima, tena alitembea sana. Kama huruma inangoja alama, basi watu wa aina yangu hawatapata huruma hai wala wafu.

Najua unachotaka kuuliza. Na wanaojifanya je? Wapo. Nimefundisha miaka minane, najua tumbo linalouma siku ya hesabu peke yake. Lakini tuhesabu uongo kwa haki. Kwetu salamu ni "Ejoka?" na jibu ni "Ejok." Mzuri? Mzuri. Nairobi mnasema poa, fiti, freshi. Ni asubuhi ngapi umejibu hivyo ukiwa huna hata kidole kizima? Kwa kila mmoja anayejifanya mgonjwa, kuna kumi wanaojifanya wazima, na hao kumi hatuwaiti waongo. Tunawaita watu wenye moyo. Tumejenga utamaduni unaosifu uongo mmoja na kuuwinda mwingine, kisha tunashangaa mbona watu hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Zaidi ya hayo, hasara za makosa hayo mawili hazilingani. Nikimwamini mtoto anayenidanganya, nimepoteza kipindi kimoja cha hesabu. Nisipomwamini anayesema kweli, nimemfundisha kwamba mwili wake hauna shahidi, na somo hilo halifutiki. Wataalamu wa kimataifa wa maumivu walipoandika upya maana ya neno maumivu mwaka 2020, waliongeza maelezo kwamba mtu akieleza kuwa anaumwa, maelezo yake yaheshimiwe. Waliona haja ya kuliandika. Hiyo yenyewe inaonyesha jinsi lilivyokuwa halifanyiki.

Naelewa pia kwamba kuna mahali ambapo lazima watu wachaguliwe. Mwaka 2025, fedha za msaada zilipopungua, wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei walianza kugawiwa chakula kwa makundi, kulingana na uhitaji waliopimwa nao. Sina jibu rahisi kwa anayegawa kidogo kwa wengi. Nasema tu kwamba kila fomu ina macho, na macho hayo huona mguu uliokatika kabla ya kuona usiku usiolalika. Mama anayeweza kusimama kwenye foleni asubuhi ataandikwa kuwa anaweza kusimama. Hakuna kisanduku cha kesho yake.

Basi mgonjwa hana deni lolote? Analo. Nikitaka niaminiwe bila muhuri, lazima neno langu liwe na uzito wa muhuri. Sisemi naumwa siku ambayo nimechoshwa tu na watu. Siku nzuri nasema ni nzuri, ingawa najua nitakumbushwa. Na natembea, kwa sababu dawa yangu ikiwa ni miguu yangu, kuikataa ni kuwaachia wengine mzigo ambao ningeweza kuupunguza. Hilo ndilo deni langu, la ukweli na la dakika 35. La ushahidi siwezi kulilipa, na sidhani nilikopa.

Deni la anayenisikiliza ni dogo zaidi. Hahitaji kuyahisi maumivu yangu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sitamwalika mtu kaburini. Hahitaji hata kuelewa sayansi yake. Anahitaji kuniachia breki, na asiisome breki yangu kama hukumu juu ya kazi yake.

Kwa hivyo ukimwona mtu asubuhi pale Karura, anatembea taratibu, anatazama saa, anageuka mahali ambapo hakuna kitu cha kugeukia, na jioni umkute huyohuyo kwenye matatu akikuomba kiti, inuka umpe. Usimuulize asubuhi ilikuwaje.